Wasomaji Wanauliza: Msimamizi anataka watu 92, mimi nina sita

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wanafunzi wa uzamili na watumishi wa afya wanaotafiti mambo ambayo watu wameyapitia wenyewe: maradhi, kufiwa, kuhama makazi, kuacha shule. Barua ya kwanza inahusu wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine. Mfano huo ni mzuri, tukaona tubaki nao karibu safu nzima.

Swali: Nasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Nataka kuelewa maisha ya watu ambao figo zao zimeshindwa kazi na wanategemea mashine. Hospitali ninayoilenga ina wagonjwa 120 wa aina hiyo. Nimepanga kuwahoji sita kwa njia ya fenomenolojia ya kufasiri, yaani kuchunguza mtu anavyolipitia jambo na anavyolielewa mwenyewe. Msimamizi amekataa, kasema nitumie fomula ya Yamane ya kukokotoa idadi ya washiriki, nami nimepata 92. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Jibu: Hesabu yako haina kosa: 120 ukigawa kwa 1.3 (yaani 1 jumlisha 120 mara 0.05 mara 0.05) unapata 92 na ushee. Kosa ni kuipeleka fomula mahali ambapo haina kazi. Yamane humsaidia anayetaka kukadiria kiwango: kati ya wagonjwa wote 120, wangapi hukosa nauli, wangapi wameacha kazi, kwa kiwango cha makosa cha asilimia 5. Swali lako halina "wangapi" ndani yake. Unauliza kukaa kwenye mashine saa nne, mara tatu kwa wiki, kuna maana gani kwa anayekaa. Kama kweli unachotaka ni wangapi, basi msimamizi ana haki: chapisha hojaji 92 na habari za fenomenolojia uziache.

Mpigie msimamizi hesabu ya muda, hiyo huwa inaeleweka haraka. Usaili wa dakika 60 huchukua saa 6 hivi kuunukuu neno kwa neno, na hapo mchapaji awe mwepesi. Watu 92 ni saa 552, yaani siku 69 za kazi za saa nane, na hujachambua hata mstari mmoja. Anayelazimishwa kupita huko huishia kufupisha usaili hadi dakika kumi, anahesabu majibu, anachora chati ya duara, na kazi inabaki ya kimaelezo kwa jina tu.

Njia uliyoichagua, ambayo wengi huiita kwa herufi tatu za jina lake la Kiingereza, IPA (Interpretative Phenomenological Analysis), iliasisiwa na mwanasaikolojia wa Uingereza, Jonathan Smith, mwaka 1996. Imesimama juu ya mafiga matatu. La kwanza ni fenomenolojia inayoanzia kwa mwanafalsafa Husserl: jambo litazamwe kama linavyomtokea anayelipitia, si kama kitabu cha tiba kinavyolieleza. La pili ni hemenitiki, taaluma ya kufasiri, kupitia wanafalsafa Heidegger na Gadamer: hakuna anayetazama bila kufasiri. Mgonjwa anajaribu kuyaelewa yaliyomkuta, na wewe unajaribu kuelewa namna anavyoyaelewa. Ni ufasiri juu ya ufasiri. Figa la tatu ndilo linaloamua idadi: kila mtu huchambuliwa peke yake hadi mwisho kabla hujamgusa wa pili. Ndiyo maana kwa uzamili hupendekezwa watu 3 hadi 6. Kwa uzamivu ni usaili 4 hadi 10, na hapo hesabu usaili, si vichwa: watu wanne ukiwahoji mara mbili ni usaili nane.

Lakini hao sita wasiokotwe ovyo. Wafanane katika jambo linalohusu swali lako. Kwa mfano: wanawake wenye watoto wanaowalea nyumbani, walioanza mashine kati ya miezi 6 na 24 iliyopita, wote kwa ratiba ya mara tatu kwa wiki. Mwanafunzi akichukua kijana mmoja, mzee mmoja, tajiri mmoja na mkulima mmoja "ili makundi yote yawakilishwe", Yamane ametolewa mlangoni akaingia dirishani. Watu wakitofautiana kwa kila kitu, hutajua tofauti ya maelezo yao imetoka wapi. Na katika sura ya tatu, ile ya mbinu, usiandike kwamba ulihoji mpaka data zikakinai, yaani mpaka usaili mpya usilete jambo jipya. Hoja hiyo ni ya nadharia msingi, njia nyingine ya utafiti inayojenga nadharia kutoka kwenye data, si ya njia hii, na mtahini anayejua atakubana hapohapo.

Swali: Nawahoji wazee kijijini kuhusu kuishi na kisukari. Kila nikiuliza, jibu ni "kawaida tu" au "namshukuru Mungu". Usaili wangu wa kwanza uliisha kwa dakika 11. (Muuguzi, Kilifi)

Jibu: Inaelekea ulianza na "Unaendeleaje?" au "Unajisikiaje siku hizi?" Hiyo ni salamu, naye akakujibu salamu. Kwetu mtu huulizwa habari za nyumbani akasema "nzuri", kisha ndipo akaongeza: "ila mtoto amelazwa." Habari yenyewe imekaa baada ya "ila". Wasaili wengi hurukia swali la pili kabla "ila" haijafika. Akishasema "kawaida tu", nyamaza. Hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo, mtazame kwa utulivu, usiandike. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani, na mara nyingi yeye ndiye atakayeujaza.

Anza na "nisimulie", tena siku moja mahususi: "Bibi, nisimulie siku ile uliyoambiwa una sukari, tangu ulipotoka nyumbani." Mtu aliyeulizwa siku hukumbuka mvua, gari, nguo, maneno ya daktari. Aliyeulizwa maisha kwa jumla hutoa methali. Epuka "kwa nini". "Kwa nini ulichelewa kwenda hospitali?" si swali masikioni mwa mzee, ni karipio, hasa likitoka kwa muuguzi. Sema "ilikuwaje mpaka ukaenda". Epuka pia swali lenye jibu tumboni, kama "Je, unajihisi umetengwa?" Kwa adabu atakuitikia ndiyo, na wewe utaondoka na dhamira (wazo kuu la matokeo) ya kutengwa uliyoileta mwenyewe kwenye mkoba.

Kuchimba ni rahisi: mrudishie neno lake. Amesema "nimekuwa mtu wa kuangaliwa"? Uliza: "Mtu wa kuangaliwa, ikoje hiyo?" Mwongozo wako uwe na maswali 6 hadi 10, na usione ajabu ukitumia manne tu.

Kisha tazama mwili wako mwenyewe. Ukienda na koti jeupe na faili la kliniki, watakuambia wanakula wanavyoagizwa na wanameza dawa kwa wakati. Vaa nguo za kawaida, toa shikamoo, subiri marahaba, kaa walipokaa wao; wakiwa mkekani, mkekani. Mambo ya ndoa na nguvu za kiume mwachie msaili wa jinsia na rika linalofaa. Kwa wagonjwa wa mashine, usiwahoji wakiwa kitandani wanasafishwa damu: king'ora cha mashine kinalia, jirani anasikia, presha inaweza kushuka ghafla. Wala si jioni ya siku hiyo, wamechoka. Chukua asubuhi ya siku isiyo ya mashine.

Vifaa viwili vya kurekodi, kila mara. Simu iwekwe hali ya ndege, maana ikiita inaweza kukata kurekodi katikati ya sentensi usiyoweza kuiomba tena. Kiweke kinasa juu ya kanga iliyokunjwa, meza isipeleke kila kishindo cha kikombe. Feni izimwe. Mvua ikianza kupiga bati, ahirisha.

Swali: Usaili wote ni wa Kiswahili, tasnifu ni ya Kiingereza. Nimeanza kutafsiri matini zote kabla ya kuchambua. Niendelee? (Mwanafunzi, Mwanza)

Jibu: Simama hapo ulipofika. Nukuu kwa Kiswahili, chambua kwa Kiswahili, andika hata maoni yako ya pembeni kwa Kiswahili. Mwishoni tafsiri zile dondoo tu zitakazoingia kwenye ripoti.

Sababu ni hii. Mgonjwa anasema "nilikuwa na mawazo sana". Ukiandika kwa Kiingereza kwamba alikuwa akifikiri sana, umemgeuza mwanafalsafa. Ukiandika jina la ugonjwa wa sonona, umempa utambuzi ambao daktari hakumpa. Mwenye mawazo halali vizuri, chakula hakipiti, watu wanamwona ametulia kumbe hayupo. Acha neno mawazo kama lilivyo ndani ya Kiingereza chako, lieleze mara moja linapotokea kwanza, kisha endelea nalo.

Lakini hasara kubwa zaidi iko kwenye sarufi. Kiswahili humwezesha mtu kusema "nimeingiwa na hofu", "usingizi umenikimbia", "presha ikanipanda". Hofu inaingia, usingizi unakimbia, presha inapanda, na mtu ni mahali pa mambo hayo kutokea. Tafsiri ya haraka humfanya yeye mtenda: aliogopa, hakulala. Mchambuzi anayesoma tafsiri hatajua kamwe kwamba msemaji alijieleza kama nyumba iliyovamiwa. Si kila "nimeingiwa na hofu" ina uzito huo, ni lugha ya kila siku. Inapojirudia pale anapozungumzia mashine na kukosekana anapozungumzia shamba lake, hapo una kitu.

Dondoo zikishatafsiriwa, mpe mtu wa pili anayejua lugha zote mbili asome zote kwa pamoja na kukubishia. Mtindo wa kutafsiri kwenda lugha ya pili kisha kuirudisha ya kwanza ili kulinganisha ulitengenezewa zaidi hojaji, hapa hautakusaidia sana. Katika ripoti weka Kiswahili juu, Kiingereza chini. Ukibanwa na idadi ya maneno, Kiswahili kiende kwenye kiambatisho. Ukitumia mkalimani, kwa Kisukuma kwa mfano, rekodi sauti zote mbili na unukuu alichosema mshiriki, si alichosema mkalimani.

Swali: Nina matini sita. Nimezisoma mara tatu. Sasa nafanya nini hasa? Vitabu vinasema "tafuta dhamira" lakini sioni zinatafutwaje. (Msomaji, Unguja)

Jibu: Chukua matini moja, tano zifungie kabatini. Isome ukisikiliza sauti, kisha isome bila sauti. Ichapishe kwenye jedwali la safu tatu: katikati maneno ya mshiriki yenye namba za mistari, kulia nafasi ya maoni, kushoto nafasi ya matamko, yaani sentensi fupi zinazobeba kiini cha maoni hayo. Tenga wiki nzima kwa matini hii ya kwanza.

Maoni ya kulia ni ya namna tatu: anasema nini, anasemaje, na inaweza kuwa na maana gani. Hiki ni kipande tulichokitunga kwa mazoezi:

"Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mimi ni wa mashine. Siku hizi nyingine mtu unajaribu kuwa mama. Sasa mtoto anakuuliza, leo upo? (Kimya, sekunde 4.) Ndiyo hivyo, tunashukuru."

Anachosema: wiki yake imekatwa, siku tatu za mashine, nne za nyumbani, mtoto anauliza kama yupo.

Anavyosema: hakusema "naenda kwenye mashine". Kasema "wa mashine", kama mtu anavyokuwa wa fulani. Kisha fuata nafsi. Kaanza na "mimi", akahamia "mtu", kitenzi kikamjia cha nafsi ya pili, "unajaribu", mtoto "anakuuliza", na mwisho "tunashukuru", wingi. Mahali pekee penye "mimi" ni pale anapokuwa wa mashine. Kimya nacho hakikuja baada ya mashine, kimekuja baada ya swali la mtoto.

Maana, na hii andika kwa alama ya kuuliza: umama umekuwa kitu cha kujaribiwa? "Upo" ya mtoto ni ya kuwepo nyumbani, au kuna siku mama yupo na bado hayupo? "Tunashukuru" ni shukrani, au ni mlango unaofungwa taratibu?

Sasa safu ya kushoto. Tamko liwe fupi, lakini libaki na harufu ya maneno yake: "Mimi ni wa mashine, umama unabaki kwa siku zilizosalia." Linganisha na "Changamoto za kifamilia". Hilo la pili ni jina la kapu. Lingeweza kuandikwa kabla ya usaili, na lingefaa utafiti wowote wa ugonjwa wowote. Ukiona matamko yako yanaanza na "changamoto", "athari" au "mtazamo kuhusu", rudi kwenye mstari.

Matini moja inaweza kukupa matamko mengi sana. Yakate vipande vya karatasi, yatandaze sakafuni, yasogeze mpaka yakutane yanayovutana. Yanayopingana nayo hukutana vilevile. Lipe kila kundi jina, tengeneza jedwali la mtu huyo lenye namba za mistari, lipige picha, liweke kando. Mtu wa pili anaanza upya, si kuingizwa kwenye makapu ya wa kwanza. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa sababu ya haraka. Mpaka wote sita wawe na majedwali yao ndipo utafute yanayovuka kutoka kwa mtu hadi mtu.

Angalizo la istilahi: katika toleo la mwaka 2022 la kitabu chao, Smith, Flowers na Larkin walibadilisha majina ya hatua. Sasa kuna matamko ya tajriba, dhamira za tajriba za mtu binafsi, na dhamira za tajriba za kundi. Chagua majina ya zamani au mapya, usichanganye. Programu za kompyuta si lazima; kwa watu sita karatasi inatosha, na pengine inazidi.

Swali: Mtahini aliandika pembeni: "Haya ni maoni yako tu." Nimjibuje? (Mwanafunzi, Nairobi)

Jibu: Kwanza angalia kama ana haki. Fungua sura yako ya matokeo. Kama dondoo imetundikwa halafu inafuata sentensi inayorudia dondoo ileile kwa maneno mengine, au hitimisho ambalo halipo kwenye dondoo, amekukamata. Kila dondoo ifuatwe na usomaji wake: neno gani, kwa nini neno hilo, linaungana na nini alichosema mahali pengine.

Kipimo ambacho Smith alikiweka mwaka 2011 kinasaidia: ukiwa na washiriki 4 hadi 8, kila dhamira ibebwe na dondoo za watu wasiopungua watatu. Mmoja akienda kinyume, muonyeshe, usimfiche. Mtahini huamini zaidi sura yenye mtu mmoja mbishi. Futa "wengi wa washiriki" na asilimia zote. Kusema asilimia 50 ya watu sita ni kuvaa koti la mwenzako.

Pili, mwachie njia ya kurudi nyuma: kutoka dhamira hadi tamko, hadi mstari wa matini. Weka mfano wa jedwali moja kamili kwenye kiambatisho. Tatu, daftari la tafakuri. Kabla ya usaili wa kwanza uliandika nini ulichotarajia kukisikia? Kama hukuandika, sema hivyo. Ukiliandika sasa kwa kinyumenyume litajulikana. Kama wewe ni muuguzi wa kitengo hichohicho, eleza wazi kilichokusaidia kuona na kilichokuzuia.

Kuwarudishia washiriki matokeo ili wayathibitishe si sharti katika njia hii, kwa kuwa picha ya watu sita kwa pamoja hakuna mmoja wao aliyeisema. Kumrudishia mtu matini yake arekebishe ni jambo jingine, na ni adabu nzuri.

Swali: Mshiriki akilia nifanye nini? Na vibali ni vipi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Nyamaza, mpe nafasi, kisha muulize: tupumzike, tuendelee, au tuishie hapa? Kinasa unazima akisema uzime. Usikimbilie "pole, yataisha". Jina la mtu wa ushauri nasaha na namba yake uwe nalo mfukoni kabla hujatoka nyumbani, tena mtu aliyekubali kupokea simu.

Kwa utafiti wa afya Tanzania, anza na kamati ya maadili ya chuo na uulize kama kazi yako inahitaji kupita NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kibali cha kufanya utafiti ni cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kenya ni kamati ya maadili iliyoidhinishwa kwanza, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Baada ya hapo barua hushuka ngazi kwa ngazi mpaka mtaani. Asiyejua kusoma asomewe fomu ya ridhaa mbele ya shahidi asiye mtumishi wa kitengo, ndipo aweke dole gumba. Mtajie tarehe ambayo hadi hapo anaweza kujitoa, yaani kabla hujaanza kuunganisha majedwali.

Kubadilisha jina hakutoshi. Kwenye kitengo chenye mashine chache, "mwalimu wa kike mwenye mapacha" anajulikana na kila mtu hadi mlinzi. Badilisha na hayo mengine, mradi hayabebi hoja yako.

Kuhusu nauli: iwe sawa kwa wote, itajwe kwenye fomu, na itolewe mwanzoni. Ukisubiri kuitoa mwishoni, anayetaka kuacha katikati atavumilia mpaka maswali yaishe ili asiondoke mikono mitupu.